Gari la Umeme Lichajiwe Linapolala

Anayefikiria kununua gari la umeme jijini Nairobi huuliza kwanza vituo vya kuchajia viko wapi. Ni swali la mtu aliyezoea petroli, na halina kosa, kwa sababu gari la petroli lazima lipelekwe kituoni ili liendelee kutembea. Wauzaji nao hulijibu kwa kutaja maduka makubwa yaliyokwisha wekewa chaja, kama The Hub kule Karen na Two Rivers kwenye barabara ya Limuru, na kwamba Kenya Power imeweka yake katika makao yake makuu, Stima Plaza. Jibu hilo ni la kweli, lakini linamwelekeza mnunuzi pasipomfaa sana. Kwa mkazi anayetoka Karen, Lavington, Kileleshwa au Loresho kwenda kazini katikati ya jiji na kurudi jioni, swali la kwanza linapaswa kuwa hili: gari linalala wapi, na hapo linapolala pana soketi? Nitajitahidi kuonyesha kwamba kuchaji usiku mahali gari linapolala ndio msingi wa kumiliki gari la umeme Nairobi, na kwamba kituo cha umma ni msaidizi tu. Jiji likiyapindua haya mawili, magari hayo yatabaki kuwa ya wachache wenye nyua kubwa.

Tuanze na hesabu. SUV ya umeme ya ukubwa wa kati, kwa mfano BYD Atto 3 ambayo kampuni ya Loxea iliyo chini ya CFAO ilianza kuiuza Kenya mwaka 2024, hubeba betri ya kilowati-saa 50 au 60 hivi, kutegemea toleo. Kilowati-saa moja ndiyo ile yuniti moja ya stima tunayoinunua kwa tokeni. Gari la namna hiyo hula yuniti 16 hadi 20 kwa kila kilomita 100. Kutoka Karen hadi Kenyatta Avenue na kurudi ni kama kilomita 40, kwa hiyo siku ya kazi humaliza yuniti zipatazo 8. Msongamano wa Ngong Road na Waiyaki Way, unaoteketeza petroli gari likiwa limesimama, hauliumizi sana la umeme. Likisimama, mota yake haili kitu. Na kila dereva anapoondoa mguu kwenye mafuta, mota hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya nguvu kwenye betri. Hali ya hewa yetu nayo inasaidia. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na betri haikutani huku na baridi kali ya Ulaya wala joto la Ghuba, mambo mawili yanayoipunguzia nguvu na umri.

Sasa tazama soketi ya kawaida ya ukutani, ile ya matundu matatu ya ampea 13. Waya wa kuchajia unaokuja na gari huvuta ampea 10 hivi kwa volti 240, yaani kilowati 2.4. Ni kidogo mno, watu husema, na wakigawanya betri ya yuniti 60 kwa hiyo 2.4 wanapata saa 25 na kukata tamaa. Lakini hakuna anayerudi nyumbani kila jioni betri ikiwa tupu. Aliyetumia yuniti 8 anahitaji kurudisha 8 tu, na hizo huingia kwa saa tatu na nusu hivi. Gari likichajiwa kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, soketi hiyo hiyo inayodharauliwa inatoa yuniti 19, zinazotosha kilomita 100 hivi, zaidi ya maradufu ya safari ya kila siku. Anayetaka haraka zaidi anaweza kufungiwa chaja ya ukutani ya ampea 32, yenye kilowati 7 na zaidi kidogo. Wapo wanaoogopa kwamba nyumba haitaubeba mzigo huo, ilhali maelfu ya nyumba za Nairobi zina bafu la kupasha maji papo hapo linalovuta kilowati 5 au zaidi kila asubuhi watu wanapoharakia kazini. Cha kuangalia ni kwamba chaja na bafu visiwake kwa wakati mmoja.

Upande wa bei ndio wenye mambo mengi, na ndio wanunuzi wengi wasiouchunguza. Katika bei zilizotangazwa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, mwaka 2023, mteja wa nyumbani anayetumia zaidi ya yuniti 100 kwa mwezi aliwekewa bei ya msingi ya shilingi 20.97 kwa yuniti, na anayetumia kati ya 31 na 100 akawekewa shilingi 16.30. Juu yake huja gharama ya mafuta ya mitambo, marekebisho ya fedha za kigeni, tozo na VAT, hata yuniti ya mteja wa daraja la juu ikafika karibu shilingi 30. Safari za kazini pekee, siku 22 kwa mwezi, ni yuniti 176. Kwa hiyo familia iliyokuwa ikitumia yuniti 80 za taa, friji na televisheni hutoka daraja la chini kwenda la juu, na bei mpya huhesabiwa kwa kila yuniti, hata zile za friji. Wauzaji hawalitaji jambo hili, na mnunuzi ana haki ya kulijua kabla hajatia saini. Hata hivyo, yuniti 176 kwa shilingi 30 ni shilingi 5,280. SUV ya petroli inayokwenda kilomita 10 kwa lita katika msongamano wetu ingehitaji lita 88 kwa umbali huo huo, na kwa bei ya zaidi ya shilingi 180 kwa lita kama ilivyokuwa katika nusu ya pili ya mwaka 2025, hizo ni takriban shilingi 16,000. Oktoba 2023 lita ya petroli Nairobi ilifika shilingi 217.36. Umeme wa nyumbani, hata ukiwa ghali kama ulivyo, bado ni thuluthi moja ya gharama.

Ingeweza kuwa nafuu zaidi. Katika tangazo lile lile la 2023, EPRA iliweka bei maalumu ya vyombo vya umeme: shilingi 16 kwa yuniti mchana na shilingi 8 usiku, kabla ya kodi na tozo. Hata zikijumlishwa tozo zote, yuniti ya usiku hubaki karibu nusu ya ile ya nyumbani. Tatizo ni kwamba bei hiyo hupewa mita ya kuchajia peke yake, iliyotengwa na ya nyumba. Kampuni ya mabasi au ya pikipiki huiomba na kuipata, kwa kuwa uwanja wake wa kuchajia hauna kazi nyingine. Mwenye nyumba Lavington aliye na gari moja huona mita ya pili, na usumbufu wa kuitafuta, ni mzigo usiolipa upesi, akaendelea kulipa shilingi 30. Matokeo yake ni kwamba bei iliyotungwa ili watu wachaji usiku haimfikii kwa urahisi mtu wa kawaida, ambaye ndiye anayeweza kuchaji usiku bila shida yoyote.

Na usiku una maana kubwa kuliko pochi ya mtu mmoja. Matumizi ya umeme Kenya hupanda sana jioni. Mwaka 2025 kilele kilipita megawati 2,300. Rais William Ruto amesema hadharani kwamba kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku kuna maeneo yanayolazimika kukatiwa umeme kwa sababu hautoshi. Baada ya usiku wa manane mahitaji hushuka karibu nusu. Mitambo ya jotoardhi ya Olkaria, pale Naivasha, haizimwi na kuwashwa kama taa. Mvuke unaendelea kupanda kutoka ardhini watu wakiwa macho au wamelala, na KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, imelazimika nyakati za usiku kuuachia hewani kwa kukosa wanunuzi. Upepo wa Loiyangalani, ulikojengwa mradi wa Lake Turkana Wind Power wa megawati 310, nao huvuma kwa nguvu usiku, na mkataba wake unataka umeme ulipwe hata usipotumiwa. Gari linalochajiwa saa nane za usiku Kileleshwa linatumia nguvu ambayo nchi imekwisha kuilipia na inaitupa. Gari hilo hilo likichomekwa saa moja jioni, mwenye gari anaporudi, linaongeza mzigo kwenye saa mbaya kuliko zote. Karibu magari yote mapya ya umeme yana saa ndani yake: unachomeka ukifika, unalipangia lianze kuvuta saa nne. Hiyo ni dakika moja ya kubonyeza kioo, na ingefaa kila muuzaji amfundishe mteja kabla ya kumkabidhi funguo.

Turudi kwenye vituo vya umma. Chaja ya kasi ya kilowati 50 au 60 hujaza sehemu kubwa ya betri kwa muda wa nusu saa hadi saa moja, na kwa hilo inastahili sifa. Lakini mwenye kituo amenunua mtambo wa mamilioni ya shilingi, analipa pango la nafasi katika duka kubwa, anadumisha laini nzito ya umeme na anataka faida. Gharama hizo zote humwangukia mteja kwenye yuniti. Kisha kuna vichwa vya waya. Nissan Leaf zilizotumika zinazoletwa kutoka Japani, ambazo tangu mwaka 2018 zilijulikana Nairobi kupitia teksi za Nopia Ride, huchajiwa kwa kasi kupitia kichwa cha CHAdeMO. Magari yaliyoundwa kwa soko la Ulaya hutumia CCS2. Anayeagiza moja kwa moja gari lililoundwa kwa soko la ndani la China anapokea GB/T. Dereva anaweza kufika kituoni betri ikiwa na asilimia 10, akakuta chaja nzima, isiyo na foleni, na isiyoingia kwenye gari lake. Nyumbani balaa hilo halipo, maana waya wa gari unaishia kwenye plagi ya ukutani. Kuna pia afya ya betri: nguvu nyingi zikiingia upesi huleta joto, na Leaf hizo zilizotumika, zisizo na mfumo wa maji wa kupoza betri, huliona joto hilo mapema. Chaja ya kasi mara moja moja haidhuru, lakini kuifanya chakula cha kila siku si busara.

Pingamizi la kwanza linalotolewa ni kukatika kwa stima, na halipuuziki katika nchi iliyopatwa na giza la taifa zima tarehe 25 Agosti 2023, kisha tena Novemba na Desemba mwaka huo huo. Lakini giza hilo linapiga kote. Kituo cha kuchajia cha umma kiko kwenye gridi hiyo hiyo, na hata pampu ya petroli huendeshwa kwa umeme. Anayechaji kila usiku huanza siku akiwa na akiba ya kilomita 250 au zaidi, na matumizi yake ni 40. Stima ikipotea usiku mmoja, hata usiku wa tatu mfululizo, ataenda kazini. Anayetegemea kituo, aliyezoea kusubiri mpaka betri ikaribie kwisha ndipo aende, ndiye atakayekwama.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na ndilo linalonishughulisha. Nairobi ya magharibi si Karen peke yake. Kilimani na Kileleshwa, zilizokuwa za nyumba za chini zenye bustani, zimejaa maghorofa, na wanaoweza kununua SUV ya umeme wengi wao wanaishi humo. Shuka kwenye maegesho ya chini ya jengo kama hilo uangalie. Namba ya nyumba imepakwa rangi kwenye nguzo, juu kuna taa ya mrija, na labda kuna soketi moja ya msafishaji wa ngazi, ambayo stima yake hulipwa na wakazi wote kupitia ada ya huduma. Mita za wakazi zimepangwa safu kwenye chumba chenye kufuli karibu na lango. Mwenye gari la umeme akichomeka kwenye soketi ya msafishaji, jirani analalamika kwamba anamlipia, na jirani ana haki. Akitaka kuvuta waya kutoka mita yake hadi nguzo yake, anaambiwa ukuta ni mali ya wote. Mpangaji ana shida kubwa zaidi, maana landilodi haoni kwa nini atoboe zege kwa ajili ya mtu atakayehama mwakani.

Watu husema basi hapo ndipo vituo vya umma vinapohitajika, na mjadala unaishia hapo. Mimi naona hapo ndipo unapoanza. Jengo la nyumba 60 halihitaji chaja za kasi 60. Linahitaji laini moja iliyotengewa magari, mita yake yenye bei ya usiku, mita ndogo kwenye kila nafasi, na kidhibiti kinachogawa umeme ili magari yasivute yote kwa pamoja. Gari linalolala kwa muda wa saa nane halina haraka. Na hapa mita ya pili inayomshinda mwenye gari moja inakuwa rahisi, kwa sababu majirani wanaigawana. Sheria ya Sectional Properties ya mwaka 2020 imekwisha kuwapa wamiliki wa nyumba za ghorofa chombo cha pamoja cha kusimamia mali ya wote, kwa hiyo mwenye kuamua yupo. Kinachokosekana ni haki ya mkazi kuomba na kutokataliwa bila sababu. Norway, ambako mwaka 2024 karibu magari tisa kati ya kumi mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme, iliiandika haki hiyo katika sheria zake za nyumba za pamoja: usimamizi hauwezi kumkatalia mkazi chaja ila kwa sababu ya msingi. Kenya inaweza kufanya hivyo bila kutumia shilingi ya serikali. Kwa majengo mapya ni rahisi zaidi, kwani kupitisha bomba tupu la waya hadi kila nguzo wakati wa kumwaga zege hugharimu kidogo mno kuliko kuja kutoboa miaka kumi baadaye.

Wapo pia wasio na maegesho kabisa. Dereva wa teksi anayeishi Kawangware au Kangemi, ambaye kwa kilomita anazotembea ndiye angeokoa pesa nyingi kuliko mkazi yeyote wa Karen, huliacha gari usiku katika kituo cha petroli au uwanja wenye mlinzi, akilipa kidogo kila usiku. Magari mengi ya jiji hili hulala hivyo. Hapo ndipo chaja za umma zinapostahili kuwekwa kwa wingi, na ziwe za polepole: soketi ishirini za kilowati 3 au 7 kwenye uwanja ambao tayari una ukuta, taa na mlinzi, zikiuza umeme wa bei ya usiku. Zinagharimu sehemu ndogo tu ya bei ya mtambo wa kasi, na wizi wa nyaya, unaofanya chaja za barabarani katikati ya jiji kuwa hatari, hauna nafasi kubwa mbele ya mlinzi anayekesha. Chaja za kasi zina mahali pake, nako ni kwenye safari ndefu. Kwenda Mombasa ni karibu kilomita 480, na SUV nyingi za umeme zinazouzwa hapa haziwezi kuzimaliza bila kusimama. Chaja nzuri Mtito Andei ingemfaa msafiri kuliko chaja ya tano katika duka la Westlands. Ndivyo ilivyo kwa Nakuru kwa waendao Kisumu na Eldoret.

Wengine watasema kwamba kumpa mwenye SUV ya mamilioni umeme wa shilingi 8 ni kumsaidia tajiri wakati maskini anahangaika na tokeni za shilingi 50. Ningekubaliana nao kama umeme huo ungetolewa mfukoni mwa maskini. Lakini unaouzwa saa nane za usiku ni ule unaopotea Olkaria, na kila yuniti inayouzwa badala ya kutupwa husaidia kulipia mitambo na nyaya ambazo leo wateja wachache wanazibeba. Cha kudai ni kwamba bei hiyo ibaki ya usiku kikweli, na kwamba anayechaji saa mbili za jioni alipe bei ya saa mbili za jioni.

Jambo la mwisho ni usalama, na halitaki mzaha. Soketi inayovuta ampea 10 kwa saa nane mfululizo ni tofauti na ya birika linalochemka dakika tano. Kama ni ya zamani au nyaya zake ni nyembamba, itapata moto. Usichaji gari kwa ekstensheni. Aliyeleta Leaf kutoka Japani akumbuke kwamba waya wake uliundwa kwa volti 200 za kule, asiuchomeke kwenye 240 zetu kabla mtaalamu hajauthibitisha. Muite fundi aliyesajiliwa na EPRA, akuvutie laini ya peke yake kutoka kwenye boksi la swichi, iwe na kikatio chake na waya wa ardhi uliopimwa.

Kwa hiyo unayetaka kununua, kabla ya kwenda kuangalia rangi ya gari na ukubwa wa kioo chake, shuka kwanza unapoegesha. Zungumza na msimamizi wa jengo, omba laini, washawishi majirani wawili muombe pamoja. Na EPRA, inapopanga bei zijazo, imruhusu mteja wa nyumbani kupata bei ya usiku kwenye mita moja inayosoma saa, maana mita za namna hiyo zipo na viwanda vyetu vimezitumia tangu mwaka 2017.